Spika za Mama

Mama alianza kusemwa mitaani kabla sisi wa nyumbani kwake hatujajua kwamba hasikii. Ilisemwa anaringa. Mtoto wa jirani amempitia barazani, amempa shikamoo yake vizuri, na mama ameendelea kuchambua mchele bila kuinua uso. Kijana wa duka la ushirika amemwamkia mbele ya wateja wote, mama amechukua kibiriti chake akaondoka. Pale Chemchem, mtaa wetu wa Tabora, shikamoo isiyoitikiwa haikuwa jambo dogo. Ukimnyima mtu marahaba ni sawa na kumwambia hakustahili hata kukuamkia, na wako watu ambao neno kama hilo hawalisahau mpaka waingie kaburini.

Mimi nina hasira za karibu, na sijapona mpaka leo. Kinyozi wetu aliponiambia, wembe ukiwa kisogoni mwangu, "Mwambie mama apunguze maringo, watoto wanaogopa kumwamkia," niliinuka na nusu ya kichwa haijanyolewa. Nilimjibu maneno yasiyofaa kuandikwa, nikaenda nyumbani na kitambaa chake bado kiko shingoni. Mama alikuwa ameketi uani, amenipa mgongo, anasuka ukili. Nikasema shikamoo. Akaendelea kusuka. Nikasema tena, kwa sauti ya mtu mwenye afya. Mkono wake haukusita hata kidogo. Kivuli changu kilipomwangukia mapajani ndipo alipogeuka, akacheka kuziona nywele zangu, akaniuliza kama kinyozi ameishiwa na sabuni. Hasira zote ziliniisha pale pale. Nilimwonea huruma, na mwenyewe nilijionea huruma pia, kwa sababu sauti yangu ilikuwa imeshaanza kumpotea na sikuwa nimejua.

Hospitalini daktari alimtazama akasema sikio la kulia limekwisha, la kushoto limebaki kidogo, nalo liko njiani. Vifaa vya masikio, alisema, viko Ulaya. Hapa hata pamba tunaipata kwa bahati. Nilimfikishia mama habari hiyo kwa kupaza sauti mdomo ukiwa karibu na shavu lake, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. Aliipokea bila taabu. "Basi nitakuwa nasikia yenye maana tu," alisema, akajifunga kanga yake vizuri, tukaenda zetu.

Kilichomuumiza kilikuwa kingine. Mdogo wangu wa kike, mtoto wake wa mwisho, alikuwa ameolewa Tanga na mtu wa mashamba ya mkonge. Kutoka kule mpaka kwetu ni safari ya kubadilisha treni, na yeye alikuwa na watoto wanaofuatana. Tangu msiba wa baba hakuwa amekuja. Badala yake alifanya kama watu wote wa wakati ule: alituma salamu redioni. Jumamosi alasiri mtangazaji alikuwa akisoma kadi, moja baada ya nyingine, fulani wa mahali fulani anawasalimu fulani na fulani, kisha unapigwa wimbo, kisha kadi nyingine. Nchi nzima ilikuwa ikiamkiana kwa mdomo wa mtu mmoja.

Siku salamu zake ziliposomwa kwa mara ya kwanza, mama alikuwa ameketi mkono mmoja tu kutoka kwenye redio yetu. Sisi tuliruka. Mke wangu alipiga kigelegele, jirani wa mlango wa pili, muuza vitumbua, akaja mbio na mwiko mkononi. Mama alitutazama tunavyoruka.

"Kuna nini?"

"Mwanao wa Tanga! Amekusalimu redioni!"

"Amesemaje?"

"Amesema shikamoo mama."

"Na mimi nikasemaje?"

Muuza vitumbua alishusha mwiko.

"Basi imepita bure," mama alisema, akainuka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuhitaji kutazamwa.

Nilijaribu kumweleza kwamba tumeisikia kwa niaba yake, kwamba imefika. Hakukubali. Kwake yeye shikamoo haikuwa habari ya kuletewa na mtu mwingine. Unaisikia kwa sikio lako, unaitikia kwa kinywa chako, na mambo hayo mawili hufuatana. Mtoto wake alikuwa ameinama mbele yake, kutoka Tanga yote ile, na yeye amemtazama tu. Alilisema hilo mara moja, hakulirudia, lakini kila Jumamosi baada ya hapo aliisogelea redio mpaka shavu likagusa kitambaa cha spika yake ndogo. Alitoka pale na alama za kitambaa usoni, bila kupata neno hata moja. Mimi nilikuwa fundi wa simu za reli. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha maneno yanayotoka Tabora yanafika Kigoma na Mwanza, na maneno ya mtoto wa mama hayakuweza kuvuka kitambaa kile. Jambo hilo lilinikera kuliko ninavyoweza kueleza.

Basi siku moja tulikuwa tunatoka sokoni, mimi na yeye, tukapita kando ya ukumbi wa zamani wa dansi. Milango ilikuwa wazi na ndani muziki unapigwa. Mama alisimama katikati ya njia, kikapu kichwani.

"Nani anaimba?" aliuliza.

Sikuwa nimemsikia akiuliza swali kama lile muda mrefu. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani bila kubisha hodi.

Mwenye ukumbi alikuwa mzee wa Kigoa, Mhindi mwenye asili ya Goa, ambaye baba yake alikuja na reli. Alikuwa anaondoka kwenda kwa binti yake ng'ambo, na ukumbi ulikuwa umechukuliwa uwe wa mikutano ya kijamii. Siku ile alikuwa anawaonyesha wenye ukumbi wapya kwamba vyombo vinafanya kazi. Spika mbili zilisimama jukwaani, kila moja kimo cha kabati. Mama alienda moja kwa moja mpaka mbele ya moja, akaelekeza sikio la kushoto, akafumba macho. Mzee wa Kigoa alimtazama, akanitazama mimi.

"Shikamoo mzee," nilisema. "Hizi unauza?"

"Marahaba. Hizi si zangu tena, zimeandikwa pamoja na ukumbi. Lakini wako kaka zake stoo."

Alitupeleka nyuma. Kaka zake walikuwa wawili, masanduku makubwa ya mbao za mninga, yamesukumwa ukutani chini ya viti vibovu. Usiku wa uhuru, alisema, watu walicheza mpaka kukakucha kwa masanduku hayo, hata mkuu wa stesheni alivua viatu. Kisha yakaletwa mapya na haya yakawekwa stoo, na panya wakayapata. Nilifungua mgongo wa moja. Sumaku ilikuwa nzima, nzito kama jiwe la kusagia, na koili yake ya waya haikuwa imeungua. Lakini koni, ile karatasi nene ya umbo la faneli inayotikisika ili sauti itoke, ilikuwa imeliwa ukingoni mzunguko mzima. Ilining'inia tu, haikushikwa na kitu.

Nilimuuliza anataka nini. Alicheka bila furaha. Pesa ya hapa, alisema, nitaipeleka wapi? Hairuhusiwi kutoka na haina kazi huko niendako. Akafikiri, akasema anataka asali. Asali ya miyombo, ile nyeusi, madebe mawili, ampelekee binti yake ambaye alikulia kwa asali hiyo na sasa anakula kitu cha chupa. Tukapeana mikono, na mkono wake ulikawia ndani ya wangu. Nadhani nilikuwa mtu wa mwisho kumuuliza kitu kuhusu spika zile.

Kwa asali nilijua pa kwenda. Kaka yake mama, mjomba wangu, aliishi upande wa Usoke. Alikuwa Mmoraviani, mwimbaji wa kanisani asubuhi ya Jumapili na mpiga ngoma siku zilizobaki, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba mambo hayo hayapatani. Alichonga mizinga ya nyuki na aliwamba ngoma, na vyote viwili vilijulikana mpaka Urambo. Wakati ule alikuwa amehamia kijiji kipya na wenzake, nyumba zimepangwa mstari, lakini nyuki hawakuhama. Kila alipotaka asali alirudi kwa miguu msituni alikotoka.

"Mwangaluka, mpwa wangu!" alinipokea kwa salamu ya Kinyamwezi. "Umekonda. Huko mjini mnakula karatasi?"

"Panya ndio wanaokula karatasi, mjomba," nilimjibu, nikamweleza yote: masikio ya dada yake, salamu za Tanga, koni zilizoliwa.

Alisikiliza mpaka mwisho bila utani hata mmoja, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaniuliza, "Hasikii hata ngoma?"

"Ngoma anasikia. Na treni ya mizigo. Jogoo hamsikii tena."

Madebe yalijazwa. Aliyapakia mwenyewe kwenye treni, akasema atakuja Tabora kuyaona hayo masanduku.

Siku ya kuyachukua kulikuwa na manyunyu. Mzee wa Kigoa hakutaka mninga wake ulowe, akanipa shuka jeupe la kuyafunika juu ya mkokoteni. Hakuna kati yetu aliyefikiri zaidi ya mvua. Njia yangu ilipita mbele ya msikiti, na watu walikuwa wanatoka kuswali adhuhuri. Waliona masanduku mawili marefu yaliyolazwa, shuka jeupe, na mtu mmoja anasukuma peke yake huku jasho linamtoka. Kwetu jeneza halipiti hivi hivi. Walishuka ngazi kimya, wakanipokea mkokoteni, wengine wakashika masanduku pande zote, na safu ikajipanga nyuma. Nilipopata pumzi ya kusema ni spika tulikuwa tumeshakwenda hatua nyingi. Wapo waliocheka na kuacha. Mzee mmoja mwenye kanzu aliuliza ni za nini, nikasema ni za mama, hasikii. "Kumbe haringi?" aliuliza. Nikasema haringi. Akaendelea kusukuma, na waliobaki wakaendelea naye mpaka mlangoni kwetu.

Mke wangu alitutazama tunaingiza masanduku sebuleni. "Baba watoto," alisema mbele ya watu wote, "sasa wageni watakaa ndani ya haya au juu yake?"

Kazi ilianza. Mbao nilizisafisha kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kisha nikazipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nikasugua mpaka mishipa ya mninga ikaonekana upya, nyekundu na kahawia. Kitambaa cha mbele kilikuwa kimeoza, na madukani siku zile ungeweza kupata mfagio na chumvi, labda na jembe. Nilitumia gunia la kufungia tumbaku alilonipa mjomba, lililofumwa wazi. Sauti ilipita vizuri. Mpaka leo nikisikia harufu ya tumbaku mbichi nasubiri mtu aanze kuimba. Waya nilizilehemu upya usiku mbili tatu baada ya kazi. Amplifaya ya kukuza sauti niliiunda kwa valvu, zile taa za kioo, za vyombo vilivyokwisha kufutwa kazini, kwa ruhusa ya mkuu wangu, ambaye naye alikuwa na mama.

Ukingo wa koni ndio ulionishinda. Nilibandika karatasi kwa uji wa unga wa ngano, ikapasuka siku ya kwanza. Nilibandika kitambaa cha shati, kikakunjamana. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeongea na chakula mdomoni. Wakati huo huo sikio la mama lilikuwa linakwenda. Treni ya mizigo alianza kuikosa siku za upepo. Kadi mbili za Tanga zilisomwa katika kipindi hicho, na mara zote mbili tulijifunza kutoruka. Tulikaa kimya na nyuso zetu tukazishikilia, lakini yeye alituangalia mmoja mmoja akajua. "Imepita nyingine," alisema. Niliogopa kwamba nitamaliza spika siku ambayo hakutakuwa na mtu wa kuzisikiliza.

Ndipo nikawaza ngozi. Ngozi ya mwanambuzi ni nyepesi, inakunjika, panya akiila unabadilisha. Nikatuma neno Usoke kwa mlinzi wa treni.

Mjomba alifika na ngozi mbili na vifaa vyake kwenye mfuko wa kanisani. Nilikuwa natoka kwenda kazini. Nilimwonyesha mahali pa kufunga ngozi, kati ya ukingo wa koni na pete ya chuma, nikamwambia afunge vizuri, nikaondoka. Mwambaji ngoma wa Usoke ukimwambia afunge ngozi vizuri, atafanya kile ambacho mikono yake imefanya maisha yote. Aliiloweka. Aliivuta. Aliivuta tena akiweka goti, akaipigilia vijiti pande zote, akawasha majani uani akaikausha juu ya moto, na kila baada ya muda akaigonga kwa kidole na kutega sikio. Niliporudi jioni alikuwa ameketi kando yake, ametosheka.

"Gonga," aliniambia.

Niligonga. Ililia vizuri sana. Ilikuwa ngoma nzuri kuliko nyingi nilizopata kuzisikia, na koni katikati yake haikuweza kusogea hata unene wa ukucha.

Nilipoiunganisha na redio, mtangazaji alikuwa anasoma habari. Hapakutoka neno. Wimbo ulipoanza, sanduku likatoa mvumo mmoja, du, du, du, kufuata mapigo, na mwimbaji hakuwemo. Niligeuka nikamfokea mjomba wangu, mtu mzima, ndani ya nyumba ya dada yake. Nikasema spika inataka ilegee, ipumue, nani alimwambia awambe ngoma?

"Wewe uliniambia nifunge vizuri!" naye alipaza sauti. "Umeona wapi mimi nikifunga ngozi ikalegea? Unataka Usoke nzima inicheke?"

Tuligombana kwa bidii. Mama alikuwa ameketi mkekani kati yetu, anatazama midomo yetu inavyokwenda. Hakuna aliyemweleza kitu. Aliinuka, akaigusa ngozi iliyowambwa, akaigonga kama mtu anavyogonga chungu akikijaribu. Kisha akaiokota ile ya pili ambayo bado ilikuwa kavu na ngumu, akaikunja mkononi, akaitazama koni ya sanduku la pili inavyoning'inia. Aliitikisa kidogo kwa kidole, mbele na nyuma.

"Hii si kazi ya ngoma," alimwambia kaka yake. "Hii ni ngozi ya kubebea mtoto. Humkumbuki mama?"

Zamani, kabla kanga hazijafika vijijini kwa wingi, mama yao aliwabeba mgongoni kwa ngozi ya mbuzi, na ngozi hiyo ililainishwa kwa mikono mpaka ikamfuata mtoto kila anapojigeuza. Mjomba alikuwa wa kwanza kubebwa ndani yake, na mama yangu akafuata. Mjomba akatoka nje, akachukua kibakuli cha samli jikoni bila kuomba.

Waliifanya kazi hiyo pamoja, kaka na dada, uani, siku kadhaa. Mama alipaka samli, akakunja, akakunjua, akaifikicha kati ya viganja viwili jinsi mtu anavyofua kitu asichotaka kukichana. Alipochoka mjomba alipokea. Walizungumza Kinyamwezi, yeye akimsemea karibu na sikio la kushoto, na mara nyingi walicheka mambo ambayo sikuelezwa. Mimi nilikuwa napita na kurudi kama fundi asiye na kazi. Nilimwomba mjomba radhi kwa kumletea chai mwenyewe badala ya kumtuma mtu, naye akaipokea na kusema haina sukari. Sukari haikuwepo mji mzima.

Ngozi ilipolainika tuliifunga. Ilinibidi nishike mikono ya mjomba mara mbili ili asiivute. Aligeuza uso pembeni, kama mtu anayechomwa sindano, nikaibandika ikiwa imelegea na mkunjo mdogo mzunguko mzima. Tulipowasha, mtu alizungumza sebuleni kwetu. Ilikuwa habari za bei ya pamba, lakini ilikuwa sauti ya mtu kamili, yenye kifua na koo. Mke wangu alitoka jikoni kutazama nani ameingia. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nami sikuyaficha.

Ngozi ya tatu hatukuwa nayo, na nilitaka kulibomoa lile sanduku la kwanza ili nalo nililainishie ngozi. Mama alikataa. Aliketi kwenye kigoda akiliegemea kwa mgongo, lile la pili likawa upande wa sikio lake la kushoto, akataka nipige muziki. Wimbo ulipokuwa unaendelea, sanduku la ngoma lilimgonga mgongoni, du, du. Ulipokwisha, likatulia, naye akageuza sikio kwa lile la pili. "Likinyamaza najua mtu anataka kusema," alieleza. Mjomba alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Alirudi Usoke akiwa na jambo la kusimulia.

Jumamosi zilizofuata tulikaa tayari. Nilikuwa nimemwandikia mdogo wangu atume kadi nyingi, atume kila wiki. Milango niliacha wazi kwa sababu sauti ilikuwa kubwa mno kwa chumba. Muuza vitumbua alihamishia jiko lake karibu na baraza yetu. Watoto walisimama dirishani. Kadi zilisomwa za Mbeya, za Musoma, za Lindi, na mama alisikiliza zote shingo ikiwa imeinama. Alipata neno hapa, neno pale. Akipata alilirudia kwa sauti ndogo, tukamthibitishia kwa kichwa. Kadi ya Tanga haikusomwa. Jumamosi nyingine haikusomwa. Siku moja ilipita kadi ya mtu mwingine wa Tanga, mama akanyanyua mkono ili tunyamaze, kisha akaushusha. Jioni ile aliniambia sanduku limepunguza sauti. Halikuwa limepunguza. Nilisema ndiyo, mama, nitalitazama kesho, nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu.

Ile Jumamosi yenyewe nilikuwa nimeongeza sauti mpaka gunia la tumbaku linatetemeka. Wimbo wa dansi ulikuwa unapigwa, na mama alikuwa anautikisa mguu akiufuata kwa mgongo. Wimbo ukaisha. Sanduku la ngoma likanyamaza. Akageuza sikio.

Mtangazaji akasoma jina la mdogo wangu na la mashamba ya mkonge. Akasoma jina la mama, lote, na la baba yetu marehemu, akasoma Chemchem, Tabora. Nilimshika mke wangu mkono asije akaruka. Mtangazaji akasema, anasema, shikamoo mama.

"Marahaba," mama alisema.

Alilisema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kumwitikia mtu aliyesimama mlangoni. Halafu akainamia sanduku, akaweka kiganja kwenye gunia. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Watoto hawajambo?"

Muuza vitumbua alikuwa analia na mafuta yanaungua. Mimi nilitaka kuzima redio ili tubaki na hilo tu, nikanyoosha mkono kwenye swichi, lakini mama alinipiga kofi la vidole akanizuia. Mtangazaji alikuwa ameshachukua kadi nyingine. Kijana mmoja wa Kilosa alikuwa anamwamkia bibi yake mzaa baba, shikamoo bibi.

"Marahaba," mama aliitikia.

"Hiyo si yetu, mama," nilimwambia sikioni. "Hiyo ni ya bibi mwingine, wa Kilosa."

"Najua," alisema, na sikio lake halikuondoka kwenye sanduku. "Huenda naye hasikii. Mwache mtoto aitikiwe."